Losheni ya jua: Umesoma viungo, lakini nani kaipima?

Juni 2025 shirika la kutetea wateja nchini Australia, CHOICE, lilinunua losheni 20 za kukinga jua na kuzipeleka maabara. Losheni 16 hazikufikisha kinga iliyoandikwa kwenye chupa. Iliyoshangaza wengi ilikuwa ya uso, ya kampuni ya Ultra Violette. Chupa ilisema SPF 50+, maabara ikasema 4. Nne!

Kampuni ilikataa katakata mwanzoni. Ilipoirudisha maabara mara kadhaa, ikapata matokeo ya kila aina, kuanzia 4 hadi 64. Agosti ikaiondoa sokoni. Baadaye mamlaka ya dawa ya huko ikasema mchanganyiko huo wa msingi ulikuwa umetumika katika bidhaa nyingine 20 na ushei, za majina tofauti. Yaani unaweza kuhama kutoka kampuni moja hadi nyingine ukadhani umechagua, kumbe uji ni ule ule, bakuli ndilo limebadilika.

Utauliza, sisi wa Umoja na Kisauni hiyo inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Australia huhesabu losheni hizi kama dawa, na sheria zao ni kali. Kama kwao 4 ilipita ikiitwa 50, sisi tunaonunua kwa sababu msee wa TikTok alisema "inaglow" tuna kila sababu ya kuuliza maswali.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo namba. SPF hupima kinga dhidi ya miale ya UVB, ile inayounguza. Losheni ya 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale hiyo, na ya 50 asilimia 98. Tofauti yao ni ndogo, kwa hivyo usichome doo kukimbizana na 100. Lakini 4 huzuia asilimia 75 tu. Robo nzima inapita, zaidi ya mara kumi ya ile inayopita kwenye 50. Miale ya UVA, inayozeesha ngozi na kuchangia madoa, SPF haiisemi kabisa. Ndiyo maana lazima chupa iwe na maneno "broad spectrum" au alama ya UVA.

Sasa tuje kwa viungo, maana hapo ndipo kelele za mtandaoni ziko. Kuna vichujio vya madini, ambavyo ni zinki oksaidi na titani dayoksaidi. Halafu kuna vya kemikali kama avobenzoni, oksibenzoni na oktokrileni. Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilipendekeza kwamba hivyo viwili vya madini vitambuliwe kuwa salama, na ikataka data zaidi kuhusu vingine 12. Utafiti wake wa 2019 na 2020 ulionyesha baadhi ya vichujio vya kemikali hupenya ngozi na kuingia kwenye damu.

Hapo ndipo watu walianza kupiga mayowe kwamba ni sumu. Polepole, jamani. Kuonekana kwenye damu si sawa na kudhuru, na FDA yenyewe haikuwaambia watu waache kupaka. Hawaii nayo ilipiga marufuku uuzaji wa oksibenzoni na oktinoksati kuanzia 2021, lakini hoja yao ilikuwa kulinda matumbawe baharini.

Na hapa ndipo kisa cha Australia kinatupa somo. Ile losheni iliyopata 4 ilikuwa ya zinki, kile kiungo kinachosifiwa kuwa salama kuliko vyote. Kwa hivyo kusoma orodha ya viungo ni hatua nzuri, ila haitoshi. Orodha hukuambia ni nini kimetiwa. Haikuambii kama kilichanganywa vizuri kiasi cha kufanya kazi.

Kwetu, viwango vya vipodozi vya Afrika Mashariki, EAS 377, vina sehemu nzima inayotaja vichujio vya miale vinavyoruhusiwa. Kebs nayo ina alama zake za ubora, pamoja na stika ya bidhaa kutoka nje. Angalia alama hizo kabla ya kulipa. Lakini alama haikuonyeshi maabara ilipata SPF ngapi.

Nani anaumia zaidi? Wengi wetu tuna melanini ya kutosha kutukinga kiasi. Losheni feki itatuachia madoa na mfuko mtupu. Lakini kwa mwenye ualbino, hii ni habari ya saratani ya ngozi. Serikali imekuwa ikitoa losheni za bure kwa watu wenye ualbino kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Moshi, Tanzania, kuna Kilisun inayotengenezwa mahususi kwa ajili yao. Mtu kama huyo akiishiwa na kulazimika kununua dukani, hana nafasi ya kubahatisha kati ya 4 na 50.

Basi ukienda dukani, tafuta SPF 30 au zaidi na kinga ya UVA. Soma tarehe ya mwisho. Usinunue ya kupimiwa kwenye kikopo, hujui imekaa juani kiasi gani. Inayodai pia kung'arisha ngozi, isome mara mbili. Kama shida yako ni madoa, iliyo na rangi ya oksaidi za chuma husaidia zaidi, kwa kuwa huzuia hata mwanga wa kawaida unaoyachochea. Paka urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, rudia kila saa mbili ukiwa juani, na kofia usiiache nyumbani.

Hayo ni ya kwetu. Ya Kebs ni kufanya kama CHOICE: wachukue losheni 20 kutoka madukani, kuanzia River Road hadi kwenye maduka makubwa, wazipime, kisha waweke majina na namba hadharani. Watengenezaji wanaosema ukweli hawatakuwa na neno.