Bandari ya Lamu na Swali la Mwenyeji

Tunaambiwa kwamba maendeleo hayakosi gharama. Sawa, lakini mbona mlipaji huwa yuleyule? Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilizinduliwa mwaka 2021. Ili meli kubwa zipate kina, sakafu ya bahari ilichimbwa; mikoko na matumbawe, ambayo ndiyo mazalia ya samaki, yakaathirika. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gawanya mwenyewe, ndugu msomaji: kila mmoja hafikii hata laki nne. Je, hiyo ndiyo thamani ya bahari aliyoirithi kwa babu na aliyotaraji kumrithisha mjukuu?

Kumwambia mwenye dau ahamie bahari kuu ni kumtuma akapambane na kusi kwa tanga na pondo. Fidia ni haki, si hisani. Wala peke yake haitoshi. Mvuvi apewe vyombo vya kuhimili kina kirefu, na ashirikishwe kabla ya maamuzi, si baada yake.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekwishatia nanga. Mwenyeji amepona?