Korongo Wote wa Kenya Walienea kwa Matatu Moja 2021, na Fensi Pekee Haitawaokoa

Maze, hebu piga hii hesabu. Chukua matatu ya siti 14 inayotoka Migori kwenda Homa Bay. Jaza abiria, weka dere. Hiyo ndiyo idadi ya korongo waliopatikana Kenya nzima kwenye sensa ya wanyamapori ya 2021. Kumi na tano. Makanga hana nafasi.

Na si yule ndege wa miguu mirefu. Huyu korongo ni swara mkubwa, dume linaweza kufika karibu kilo 300, uso mweusi na mweupe kama amevaa maski. Zamani alikuwa mpaka Maasai Mara. Leo ukimtaka Kenya, ni Ruma tu, Bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay.

Sasa sikia kitu ambacho hawakukufunza shuleni (mimi hata chuo niliacha, nilijisomea tu). Kabla ya serikali kutenga Ruma 1966, na hata miaka mingi baadaye, askari halisi wa hilo bonde alikuwa mbung'o. Aliua ng'ombe, akaleta malale, watu wakaogopa kukaa karibu. Wanyama wakapumua. Halafu mbung'o akapigwa vita miaka na miaka, na 2025 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma Kenya. Huo ni ushindi, hakuna mtu mwenye akili analilia malale. Lakini watu walivyozidi kusogea, mahindi na mbuzi vikafika ukutani mwa hifadhi. Askari wa kwanza ameenda, na kazi yake imeachiwa waya.

Waya wenyewe ni wa aina mbili. Kuna fensi ya KWS, pamoja na eneo maalum walilozungushia ndani ya Ruma ili korongo wazaane kwa usalama. Halafu kuna mtego wa waya. Mtego hauchagui. Unategewa mnyama mwingine wa nyama, korongo anaingia. Ukiwa na wachache hivyo, kupoteza mmoja si ajali ndogo, hasa kama ni jike, kwa sababu anazaa ndama mmoja tu kwa wakati.

Jifanye wewe ndio kijana wa Lambwe. Fisi amemaliza mbuzi wenu. Sheria ya 2013 inasema mnaweza kudai fidia, lakini mbuzi ameliwa leo na karo inatakiwa Jumatatu. Pesa ya geti inaingia KWS, si kijijini. Msee akikuuzia nyama ya porini bei poa, utaripoti? Usinidanganye.

Ukivuka Migori ukaingia upande wa Narok, mchezo ni tofauti. Kuzunguka Mara, Wamaasai wenye ardhi wamekodisha mashamba yao kwa hifadhi za jamii, na kodi inalipwa kwa ekari. Simba akipita, ni chapaa inapita. Si mbinguni pia: pesa inafuata jina lililo kwenye hati, na akina mama wengi hawana jina hapo. Lakini angalau mtu ana sababu ya kuita askari badala ya kuchukua panga.

Na usiniambie watu wa huku hawajui kutunza kitu. Thimlich Ohinga, hapo Migori, ni kuta za mawe bila simiti, zimesimama karibu miaka 500. Waliojenga waliondoka, wengine wakaja, wakarekebisha, wakaishi ndani. UNESCO ilifika 2018 ikakuta kazi imefanywa kitambo. Waliitunza kwa sababu ilikuwa boma lao.

Kwa hivyo mimi naona swali la Ruma ni la umiliki. Vijana wa Lambwe waandikwe kazi ya kutoa mitego, walipwe kila mwezi, si kuitwa siku ya kupanda miti na fulana za bure. Sehemu ya pesa ya geti ibaki Lambwe. Na wenye mashamba upande wa Kanyamwa waulizwe wangetaka kiasi gani kuacha nyasi zikue, maana korongo anahitaji nyasi ndefu: ndama wake hufichwa humo wiki za kwanza. Anayeweza kumkanyaga hapo ni kijana anayechunga, si mtalii kutoka Nairobi.

Kama wewe ni wa Lambwe na unaona nimekosea bei, sema.