Bunduki za Mlimani Zichomwe Mbele ya Macho Yetu

Ndugu zangu wa Kitale na Bungoma,

Kila bunduki inapolia usiku upande wa Endebess, Kwanza au Cheptais, yanayofuata tunayajua. Jirani analaumiwa, serikali inalaumiwa, na siku ya mazishi mwanasiasa anashika kipaza sauti na kudai vijana wetu nao wapewe bunduki wajilinde. Umati unapiga makofi. Naomba safari hii tusipige.

Wengi wanadhani hatuna sheria ya kutosha. Tunayo. Katiba ya 2010 haimpi Mkenya haki ya kumiliki bunduki. Anayeitaka huiomba kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na leseni aliyopewa inaweza kufutwa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, imezitaja AK-47, G3 na MP5 kwa majina, na anayepatikana nazo bila kibali anaweza kufungwa maisha. Nchi nyingine bado zinabishana kama bunduki za kivita zipigwe marufuku. Sisi ubishi huo tuliumaliza zamani, kwenye karatasi. Lakini mwaka 2017 shirika la utafiti la Small Arms Survey lilikadiria kwamba raia wa Kenya wanashikilia bunduki zipatazo 750,000, nyingi mno kati ya hizo zikiwa hazina leseni yoyote. Zimo darini, zimo ghalani chini ya magunzi, zimefukiwa shambani. Kazi iliyobaki ni kuzitoa huko, na kazi hiyo haiwezekani bila sisi tunaojua ziliko.

Zilifikaje? Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliachwa wazi, na maelfu ya bunduki yakachukuliwa na wafugaji wa Karamoja. Tangu hapo silaha zimekuwa zikivuka mpaka pamoja na ng'ombe, na vita vya Sudan na Somalia vikaongeza nyingine. Mpaka wetu tunaujua, kuanzia Suam hadi Lwakhakha: vituo vya forodha ni vichache, vichochoro havihesabiki. Hapa katikati wamo pia watu wasiovuka mpaka wowote. Kazi yao ni kukodisha mguu wa kuku, yaani bastola, jioni na kuupokea alfajiri na fungu lao.

Sasa turudi kwa yule mwanasiasa. Anachokidai tulishakijaribu huku kwetu, na makaburi yapo. Mgogoro wa mashamba ya Chebyuk, Mlima Elgon, ulipochacha mwaka 2006, vijana wa Sabaot Land Defence Force (SLDF) waliingia msituni wakisema wanalinda ardhi ya jamii yao dhidi ya kufurushwa. Malalamiko ya ardhi yalikuwa ya kweli. Ugawaji wa Chebyuk ulivurugwa tangu miaka ya 1970. Lakini mlinzi mwenye bunduki asiyewajibika kwa mtu yeyote huanza kudai malipo. Walitoza watu kodi, mkulima akatoa mahindi na mfugaji akatoa ng'ombe. Aliyekataa au kushukiwa kuwa msaliti alikatwa sikio au aliuawa, na Wasabaoti wenzao hawakusazwa. Mashirika ya haki za binadamu yalihesabu zaidi ya watu 600 waliouawa na kundi hilo, na makumi ya maelfu walihama. Wengine walikimbilia hapa hapa Trans Nzoia, wengine Bungoma mjini. Anayetaka kutupa walinzi wa aina hiyo tena aende kwanza Kopsiro awaulize wazee.

Machi 2008 serikali ilituma jeshi katika Operesheni Okoa Maisha. Mei mwaka huo kiongozi wa kundi, Wycliffe Matakwei, akauawa, na mauaji ya SLDF yakakoma. Ila tusidanganyane kuhusu gharama yake. Wanaume walisombwa kijiji baada ya kijiji, wakapelekwa kambi ya Kapkota, na ripoti za Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na za Human Rights Watch zikaeleza mateso waliyoyapata. Wako waliochukuliwa ambao familia zao hazijawaona hadi leo. Shirika la kutetea haki la IMLU lilipeleka kesi kuhusu mateso hayo katika Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha. Mwaka 2012 kitengo cha rufaa kikaitupa kwa sababu ilichelewa kuwasilishwa. Yaani ushahidi haukupimwa.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo kazi yote ya kusalimisha silaha hukwama. Chifu akisema barazani, "Leteni bunduki," mama aliyekaa nyuma anakumbuka Kapkota. Anajua mwanawe ameficha nini chini ya kitanda, na anajua pia kinachoweza kumpata akisema. Akinyamaza, maafisa wanaandika kwamba wananchi hawatoi ushirikiano. Mwenzake wa Pokot Magharibi ana kumbukumbu ya operesheni ya kusaka bunduki ya mwaka 1984. Mtu aliyepigwa wakati bunduki zikitafutwa hatakuonyesha ilipo nyingine.

Wanaosema "tukizitoa sisi na wenzetu wabaki nazo, tutavamiwa" wasidharauliwe. Ndivyo ilivyotokea Karamoja. Uganda ilipoanza kukusanya silaha mwishoni mwa mwaka 2001, waliosalimisha waliahidiwa plau na mabati. Bokora, jamii mojawapo ya huko, walitoa bunduki nyingi, majirani zao wakabaki na zao, na ng'ombe wa Bokora wakaswagwa. Wakulima wa Trans Nzoia tunaijua thamani ya plau, lakini plau bila fahali haina kazi. Kwa hiyo zoezi la kusalimisha silaha lifanyike kaunti zetu zote mbili, Trans Nzoia na Bungoma, kwa wakati mmoja, likiratibiwa na Pokot Magharibi na wilaya za Uganda ng'ambo ya mlima. Februari 2023 waziri wa mambo ya ndani alipotoa siku tatu za kusalimisha silaha, agizo lilihusu kaunti sita za Kaskazini mwa Bonde la Ufa. Trans Nzoia na Bungoma hazikuwamo. Mwenye bunduki haramu hawezi kushindwa kuvuka daraja moja mpaka kaunti ya pili.

Tudai basi msamaha uliochapishwa katika gazeti rasmi la serikali, wenye miezi badala ya siku. Bunduki zipokelewe makanisani na misikitini mbele ya polisi na mashahidi wa kijiji, bila maswali. Kila moja iandikwe nambari yake katika daftari ambalo nakala yake inabaki kwa mashahidi, kwa sababu wananchi wana hofu, na hawajakosea, kwamba kinachoingia kituoni mchana kinaweza kutoka usiku. Kisha zichomwe. Mwaka 2016 zilichomwa bunduki 5,250 kule Ngong, na mwaka 2021 nyingine zaidi ya 5,000 pale pale. Tuliona moshi kwenye runinga. Zetu zichomwe katika uwanja wa maonyesho wa Kitale na uwanja wa Kanduyi, watoto wa shule wakiwepo.

Njia ya kudai ipo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 iliunda Mamlaka ya Polisi katika kila kaunti, ikiongozwa na gavana au mtu aliyemteua. Ndani yake wanakaa wakuu wa usalama, wawakilishi wadi wawili, na wananchi wasiopungua sita kutoka kwa wafanyabiashara, akina mama, vijana, watu wa dini na wenye ulemavu. Je, unamjua hata mmoja wa hao sita? Mimi nadhani wengi wetu hatuwajui. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia yeyote kuuliza kwa maandishi, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 21. Tuulize mamlaka hiyo ilikutana lini, na bunduki zilizokusanywa katika kaunti yetu zilikwenda wapi.

Ninyi wanabodaboda mnaowabeba abiria wa usiku wenye mizigo mirefu isiyoelezeka, mnayajua mengi kuliko kamishna. Nanyi akina mama wa chama, msiposema ninyi, ombi hili halitafika mbali.

Mashina ya Nyumba Kumi, vyama vya ushirika, makanisa na misikiti ya kaunti zote mbili, andikeni barua yenye madai haya mwezi huu na mkusanye sahihi. Nakala moja ipelekwe kwa gavana, moja kwa kamishna wa kaunti, na moja kwa mbunge wenu. Na mbunge huyo akisimama tena kwenye mazishi kuomba vijana wapewe bunduki, msomeeni barua hiyo hapo hapo.