TAIFODI HAITIBIWI NYUMBA MOJA MOJA

Ndugu wanaushirika,

Mvua zimeanza na maneno yameanza: fulani ana taifodi, fulani kachomwa sindano, fulani kapona na karudi kulala tena. Wapo wanaosema ni bahati mbaya. Sisi hatukubali. Homa ya matumbo inaletwa na kijidudu kinachoishi ndani ya binadamu tu, si cha ng'ombe wala cha upepo. Tuseme kwa Kiswahili chetu: mgonjwa wa taifodi amekula au amekunywa mavi ya mtu mwingine.

Huyo mtu ni nani? Hapo ndipo pagumu. Anaweza kuwa mzima kabisa, anapiga jembe. Kwa wachache waliopona kijidudu hujificha kwenye mfuko wa nyongo miaka mingi, mwenyewe hana habari. Huko New York, Marekani, mpishi Mary Mallon alikuwa haumwi, lakini alipopimwa mwaka 1907 alikutwa nacho, na familia alizozipikia zilikuwa zimeugua. Basi tusinyosheane vidole. Choo na sabuni ni kwa kila nyumba, na ya katibu imo. Wazee wetu walichimba vyoo wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Mashimo yale yamejaa, wajukuu hawajachimba mengine. Na wale wenye madungu ya kulindia mpunga upande wa juu wa kisima, wanaokwenda porini "kuchimba dawa", tunawaomba wachimbe shimo kweli.

Si kila homa ni taifodi. Yenyewe hupanda taratibu siku hadi siku, kichwa kinauma, tumbo linasumbua. Malaria nayo ipo, na kile kipimo cha haraka cha damu cha Widal hudanganya mara nyingi. Kununua vidonge dukani kwa kubahatisha ni kutupa fedha ya mpunga. Nenda zahanati. Ukipewa dozi imalize, hata homa ikishuka siku ya tatu. Hii tabia ya kumbakizia shemeji vidonge vinne tunaipinga kabisa. Vijidudu huzoea dawa. Pakistani tangu mwaka 2016 kuna taifodi isiyosikia dawa nyingi. Na asiyetibiwa, utumbo unaweza kutoboka kwenye wiki ya tatu. Hapo ni hospitali na kisu.

Mkutano mkuu unakaribia. Wengine wanataka ziada ya ushirika inunue rangi ya ghala. Sisi tunaona kisima kijengewe na kifunikwe kwanza, rangi ingoje. Mpaka hapo, maji ya kunywa yachemke.

Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane kisimani, kila nyumba mtu mmoja na jembe lake.

Katibu wa Chama, Kijiji