Tununue Gari, Tusinunue Jina

Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo ulinirudia juzi kijijini Wema, katika bonde la Mto Tana, nilipokwenda kumjulia hali dada yangu aliyeolewa huko. Niliwakuta watu wamekaa chini ya mwembe wakibishana juu ya gari.

Kaya kadhaa za pale zimekuwa zikichanga fedha za mpunga na maembe ili zipate gari la kupeleka mavuno Garsen na, kubwa zaidi, la kukimbiza wagonjwa na waja wazito hospitali ya Ngao. Aliyetumwa kulitafuta ni mpwa wangu. Akanionyesha picha katika simu yake: gari jeusi, la chini, linang'aa, limeegeshwa ufukweni na mwanamke mzuri ameliegemea.

"Mjomba," akaniambia, "hili likiingia Wema, watu watajua nasi tumo."

Nikamwuliza bei ya vipuri. Hakuijua. Nikamwuliza litapitaje katika udongo mweusi wakati wa masika. Akacheka.

Simlaumu, kwani maradhi haya nami niliyaugua. Nilipokuwa mtoto, Shekhar Mehta alishinda mashindano ya Safari miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun. Kabla yake Peugeot 404 ilikuwa imeshinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Magari ya mikebe tuliyoyaburura mitaani tuliyapa majina hayo hayo. Gari likishashinda tope la Afrika Mashariki, halitaki mpiga debe mwingine. Lakini tulisahau jambo moja: gari la mashindano hufuatwa njia nzima na mafundi na shehena ya vipuri. Wewe wa Wema, likikuvunjikia usiku, nani akufuataye? Nilipokuwa mtu mzima nilinunua gari kwa kupenda jina, ambalo sitalitaja, likaniacha njia panda ya Minjila siku mbili nikingoja kipuri kitoke Mombasa.

Ndugu msomaji, tulipokuwa chuoni mwalimu alitusimulia jinsi Mtume (S.A.W.) alivyopita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua iliyoinyeshea. Akaulizwa mbona hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wakaiona. Basi tangazo la biashara, hata lisiposema uongo, kazi yake ni kuweka kavu juu. Sijapata kuona tangazo linaloonyesha gari limenasa topeni na abiria wanalisukuma. Kutia mkono chini ya rundo kumebaki kuwa kazi yetu wanunuzi.

Na hata sifa ya haki haitoshi. Wazee wa Wema walitaka Probox, gari lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 2002 kwa ajili ya kubeba bidhaa. Kwetu sifa zake zimeenezwa na wachukuzi wa miraa na wenye maduka kuliko mabango. Hicho ndicho chema kinachojiuza. Lakini gari lililokwisha kutumika, hata likiwa halijapita ile miaka 8 ambayo Kenya inaruhusu liingizwe nchini, si lile lililojenga jina. Lina umri wake na siri zake. Sharti fundi alale chini yake alichungulie kabla fedha ya wanyonge haijatoka mfukoni.

Nilimshauri mpwa wangu aende Garsen, awaulize mafundi watatu swali moja tu: ni gari gani mnaloweza kulitengeneza hapa hapa, kwa vipuri vilivyopo hapa hapa? Jawabu lao lina thamani kuliko picha zote za simuni.

Mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi usiku wa manane hatauliza gari lina nembo gani. Atauliza kama limefika.