Kotisoli Ikishuka, Msishangilie Mapema

Hoja kwamba dawa ya kutuliza inayoshusha kotisoli, homoni ya dhiki, ndiyo bora kwa mgonjwa mahututi wa moyo haiulizi kotisoli imeshukaje. Etomideti, mojawapo ya dawa hizo, hupendwa kwa wagonjwa hao kwa sababu haiangushi sana shinikizo la damu. Lakini huzuia pia kimeng'enya ambacho tezi za adrenali hukihitaji kutengeneza kotisoli. Dhiki ya mwili iko palepale. Kilichofungwa ni kiwanda. Huko Glasgow, Ledingham na Watt walitoa tahadhari miaka ya 1980: miongoni mwa majeruhi waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia na kutulizwa kwa etomideti mfululizo, vifo vilifikia asilimia 77, dhidi ya 28 kwa waliopewa mofini na benzodiazepini.

Nitaambiwa hao walikuwa majeruhi, tena dawa ilitolewa mfululizo, na wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Kweli kabisa. Ila hata dozi moja hubana kotisoli kwa saa nyingi, kwa hiyo kipimo cha damu cha muda huo hakithibitishi utulivu wowote. Chukueni basi deksmedetomidini, inayopunguza noradrenalini, homoni nyingine ya dhiki, kwa kutuliza neva zenyewe, njia halali zaidi. Katika utafiti wa SPICE III wa mwaka 2019, wenye wagonjwa mahututi karibu 4,000, vifo ndani ya siku 90 vilikuwa asilimia 29.1 kwa pande zote mbili, waliopangiwa dawa hiyo na waliopangiwa matibabu ya kawaida. Anayetetea dawa kwa kigezo cha homoni atuletee kwanza hesabu ya waliopona.