Jina Lisiloandikwa Katika Orodha ya Mishahara



Katika wilaya zetu za Kibaha na Kisarawe viwanda vimeongezeka, na pamoja navyo karakana, maghala na sehemu za kufyatua matofali. Katika baadhi ya shughuli hizo wamo wafanyakazi wachache walioandikwa katika orodha ya mishahara, na wengine wanaolipwa kando: kwa vocha, kwa daftari la msimamizi, au kwa fedha za kutumiwa kwenye simu. Hao wa kando huambiwa kwamba wanasaidiwa, kwa kuwa wakiandikwa watakatwa kodi. Tunao wajibu wa kusema wazi kwamba mara nyingi maelezo hayo si ya kweli.

Tangu Julai 2020 mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato. Kijana alipwaye shilingi 240,000 kwa kufyatua matofali hana kodi ya kufichwa. Akiandikwa, mwajiri atapeleka taarifa zake Mamlaka ya Mapato, na kodi yake itakuwa sifuri. Lakini akiitwa "mtoa huduma", mambo hugeuka, maana malipo ya huduma hukatwa asilimia 5 tangu shilingi ya kwanza. Kwa kijana huyo ni shilingi 12,000 kila mwezi, yaani 144,000 kwa mwaka. Tena asipopewa hati ya kodi iliyozuiwa, hawezi kujua kama fedha hiyo ilifika serikalini au iliishia mfukoni mwa aliyemkata.

Hasara nyingine huonekana baadaye. Asiyeandikwa hachangiwi katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), na uzee humkuta mikono mitupu. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri peke yake. Lakini mashine ikimkata vidole mtu ambaye jina lake halimo popote, atathibitishaje kwamba alikuwa kazini? Kwa mshahara wa shilingi 240,000, sehemu ya mwajiri katika NSSF ni asilimia 10, yaani shilingi 24,000 kwa mwezi. Hapo ndipo tunapoona ni nani hasa anayesaidiwa na malipo ya kando.

Wala jina la "kibarua" halitoshi kufuta wajibu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa mfano amemfanyia mwenzake kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au akipewa naye vifaa vya kazi.

Hatusemi haya kwa kuwachukia wenye shughuli ndogo. Wengi ni waamini wenzetu, na wengine hufanya hivyo kwa hofu tu. Wajue basi kwamba tangu mwaka 2021 mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 10 hatozwi tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Gharama iliyo kubwa kwake ni huo mchango wa NSSF, nao ni sehemu ya ujira wa haki.

Na sisi kanisani tujitazame kwanza. Mlinzi wa parokia, mpishi na mtunza bustani wameandikwa wapi? Mtume Yakobo alionya kwamba ujira uliozuiliwa hulia mbele za Mungu. Kilio hicho chaweza kutoka hata katika ua wa kanisa.

Tunaomba kila halmashauri ya walei ifanye mambo matatu. Kwanza, ikague malipo ya parokia na vigango vyake. Pili, iwafundishe wanajumuiya kudai mkataba wa maandishi, hati ya kila makato, na namba ya uanachama wa NSSF; na kila mmoja awe na daftari lake la siku alizofanya kazi na fedha alizopokea. Tatu, iwaendee waajiri walio waamini na kuzungumza nao kindugu kabla shauri halijafika kwa afisa kazi.

Kumwandika mfanyakazi ni kukiri kwamba yupo, na kwamba jasho lake lina mwenyewe. Haki ianzie hapo, na amani itafuata.